Kilimanjaro na Kanda za Dunia: Ni Nani Atupaye Maji?

Katika mwezi wa Mei mwaka 1848 msafara mdogo ulikuwa ukikata nyika iliyo ng'ambo ya milima ya Taita kuelekea Uchagani. Mkuu wa njia alikuwa mtu wa pwani, jina lake Bwana Kheri, mzoefu wa safari za bara. Na mgeni aliyemwongoza alikuwa Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa. Asubuhi ya tarehe 11 mgeni yule aliinua macho akaona juu ya mlima mrefu kitu cheupe chenye kung'aa, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Bwana Kheri hakuwa na jina la kukiita, kwani watu wa pwani hawakuwa na haja ya jina hilo. Akajibu kuwa ile ni baridi tu. Rebmann, ambaye alizaliwa katika nchi ya majira ya baridi, hakukawia kutambua kuwa aliyokuwa akiitazama ni theluji.

Habari hiyo ilipofika Ulaya baadhi ya wenye elimu waliikataa. Mmoja wao, William Desborough Cooley, aliyekuwa akiandika vitabu juu ya Afrika bila ya kuja kuitazama, alishika kabisa kwamba haiwezekani theluji kukaa mahali palipo karibu na mstari wa Ikweta. Mabishano yakaendelea miaka mingi, hata mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na mwenzake Otto Kersten walipopanda mlima hadi juu sana wakaangukiwa na theluji yenyewe. Wachaga, ambao vijiji vyao vilikuwa chini ya theluji ile tangu vizazi na vizazi, katika mabishano yote hayo hakuna aliyewauliza.

Sisi twaona kwamba Bwana Kheri alijibu vizuri kuliko alivyodhaniwa. Mwenye kutaka kujua kwa nini nchi moja ni msitu, na nyingine ni nyika, na nyingine ni jangwa, na nyingine haioti hata jani, hana budi kuanza kwa kuuliza mambo mawili: kuna joto au baridi kiasi gani, na mvua yanyesha kiasi gani. Vijana wetu wanaosoma Jiografia shuleni hufundishwa majina ya kanda hizi za dunia: misitu ya mvua ya Kongo na Amazon, nyika za Afrika na Brazil, majangwa ya Sahara na Arabuni, misitu ya misonobari ya Siberia na Kanada, na zile nchi tupu za kaskazini ambamo ardhi imeganda chini mwaka mzima na wanyama wake ni kulungu wa baridi na mbweha weupe. Huyasoma, wakayakariri, wakafanyia mtihani, kisha wakayasahau. Kwani ni nani kati yao atakayesafiri kutoka Ikweta hadi karibu na Ncha ya Kaskazini ili ayaone yakifuatana?

Lakini safari inayofanana na hiyo ipo karibu nasi, na yaweza kutembewa kwa miguu kwa siku chache. Kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kwa kiasi cha digrii sita. Alexander von Humboldt, mtaalamu wa Kijerumani, aliliona jambo hili wazi mwaka 1802 alipopanda mlima Chimborazo katika nchi ya Ecuador, akachora picha ya mlima ule na kuandika juu yake majina ya mimea kila mmoja mahali uotapo. Kilimanjaro una mita 5,895. Huko chini, katika mji wa Moshi, joto la mwaka kwa wastani ni digrii zipatazo 23. Huko juu kabisa ni digrii saba chini ya sifuri. Baina ya hizo mbili mlima umevaa nguo nyingi moja juu ya nyingine, na twapenda kumchukua msomaji tupande pamoja.

Twaanza nyikani. Hapa ni mahali pa migunga yenye vichwa bapa kama miavuli, mibuyu ya hapa na pale, na majani marefu ambayo wakati wa kiangazi huwa rangi ya ngozi ya simba. Mvua ni haba, nayo huja kwa majira. Mti wa hapa hujilinda kwa miiba na kwa majani madogo yasiyopoteza maji, na mnyama hujilinda kwa miguu yake: twiga, swala, pundamilia, na ndovu wanaokwenda mbali kutafuta maji. Nyika za namna hii zaenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara, na Brazil pia wanazo za kwao, ingawa hawana twiga. Hatutakaa hapa muda mrefu, kwani wengi katika wasomaji wetu wameziona nyika hizi kupitia dirisha la basi.

Tukipita mita 1,000 hali hubadilika, na hapo twafika mahali ambapo mwanadamu amejishonea nguo yake mwenyewe. Ni vihamba vya Wachaga. Zamani hapa palikuwa msitu, na wao hawakuukata wote; waliacha miti mikubwa ya kivuli, chini yake wakapanda migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa mboga na viazi, na ng'ombe wakamlisha zizini. Mtu akitazama kutoka mbali aweza kudhani ni msitu bado. Maji waliyaleta kwa mifereji waiitayo mifongo, iliyochimbwa kwa mikono na kufuata ubavu wa mlima kwa ustadi mkubwa, na kila ukoo una zamu yake ya kufungulia maji. Kuna watu wasemao kuwa sehemu hii si ukanda wa asili, kwa hiyo haistahili kutajwa. Sisi hatukubaliani nao. Ikiwa mchwa akijenga kichuguu twakihesabu katika mambo ya nyika, kwa nini tusimhesabu mkulima?

Ama msitu wenyewe huanza kiasi cha mita 1,800, na hapa twaomba ruhusa tusimame, kwani hapa ndipo penye maana ya maneno yetu. Upande wa kusini wa mlima, ambao hupokea pepo zitokazo Bahari ya Hindi, mvua ya mwaka katika mita zipatazo 2,200 hupita milimita 2,000, zaidi ya maradufu ya ile inyeshayo Moshi mjini. Miti mikubwa ya hapa ni mkulo, wenye mbao zenye harufu ya kafuri, na juu zaidi ni mpodo. Upande wa kaskazini, ulio mkavu, ni mwangati. Katika mabonde yenye rutuba mna miti ya jamii ya mkangazi, na mmoja wao ulipopimwa ulikutwa una urefu wa mita 81.5. Habari yake ilitangazwa mwaka 2016, na mpaka hapo hakuna mti wa asili wa Afrika uliokuwa umepimwa ukaushinda. Minara mingi ya misikiti yetu ingesimama chini ya matawi yake.

Ndani ya msitu huu jua huingia kwa vipande. Mbega huruka kutoka mti hadi mti na manyoya yao meupe yakipepea nyuma yao kama kanzu. Kima hula matunda. Hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mabawa. Na usiku perere, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, hupiga makelele ambayo mgeni asiyeyajua hawezi kulala. Chini hupita minde, mnyama wa jamii ya paa, mweusi na mwenye haya nyingi, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima michache ya Tanzania. Yapasa kusema kwamba msitu huu si sawasawa na ule wa Kongo. Ule ni wa joto, huu ni wa ukungu. Wafanana zaidi na misitu ya milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Wala Kilimanjaro hauna ukanda mkubwa wa mianzi kama ulivyo Mlima Kenya. Kila mlima una tabia yake, kama watu.

Tukizidi kupanda miti hupungua kimo, na kila tawi huning'inia ndevu za kijivu na kuvaa kuvumwani nene kama sifongo. Karibu na mita 3,000 mti unaotawala ni erika. Huko Ulaya jamaa zake ni vichaka vifikavyo magotini. Hapa huwa mti wa kweli wenye kivuli. Wingu linapopita, majani yake membamba na zile ndevu na kuvumwani hulizuia na kulikamua, matone yakadondoka chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Mwenye kusimama hapo bila koti ataloa na hali hakuona mvua.

Juu ya erika ni nchi ya ajabu, yenye mimea ambayo mtu akiiona katika picha hudhani imechorwa na mtoto. Kuna senesio mkubwa, ambaye jamaa zake katika nchi nyingine ni magugu ya bustanini, na hapa ni mti wa mita kadhaa wenye kichwa cha majani kama kabichi; majani yake yakifa hayaanguki bali hulizunguka shina na kulifunika lisigande. Kuna na lobelia, ambayo huweka maji baina ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu, na chini ya barafu ile chipukizi hubaki salama. Ndege chozi humjia kutafuta asali katika maua yake. Wataalamu huilinganisha nchi hii na zile nchi tupu za kaskazini ya dunia, na ulinganifu huo ni wa kweli kwa baridi, lakini tofauti iko katika kalenda. Kule kaskazini majira ya baridi hudumu miezi mingi, na mmea hulala chini ya theluji ukingojea kiangazi. Hapa kiangazi huja kila asubuhi na majira ya baridi kila usiku, wala mmea haupati nafasi ya kulala. Na mwanafunzi aliyetazamia kuona ule ukanda wa misonobari ya Siberia hataukuta. Mlima huu hauna.

Baada ya mita 4,000 ni jangwa. Tumelizoea neno hili kwa mchanga na ngamia, lakini jangwa maana yake ni ukosefu wa maji, liwe la joto au la baridi. Mawingu hubaki chini yetu, na kadiri tupandavyo mvua na theluji huzidi kupungua, hata huko kileleni kwa mwaka mzima havifiki milimita 200. Mchana jua huchoma, usiku udongo huganda ukavimba, na asubuhi huanguka tena, hata mbegu iliyojaribu kushika mizizi hung'olewa. Mimea ni michache mno. Hata hivyo, ndani ya shimo la volkano, karibu na mahali patokapo mvuke wa moto, yameonekana maua madogo ya namna ile ambayo hata yakikauka hayapotezi umbo lake. Na mwaka 1926 ulikutwa mzoga wa chui uliokaushwa na baridi karibu na ukingo wa shimo hilo. Chui yule alifuata nini huko, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha barafu. Mwaka 1912 ilipopimwa ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki mbili. Sababu zatajwa mbili: hewa ya huko juu ilianza kuwa kavu tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na tena dunia nzima imezidi joto. Wageni wengi huja kuiona kabla haijatoweka, na magazeti ya ulimwengu huandika kwa huzuni. Huzuni hiyo twaishiriki. Mlima usio na kofia yake nyeupe hautakuwa ule aliouona Bwana Kheri.

Lakini hapa pana kosa ambalo tumelisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Husemwa kwamba maji ya mito ya Kilimanjaro hutokana na ile theluji, na kwamba ikiisha mito itakauka. Sivyo. Barafu ya Kibo ni kidogo mno, na sehemu yake kubwa haiyeyuki ikatiririka; hewa ni kavu na jua ni kali, hata barafu hugeuka mvuke moja kwa moja na kwenda zake angani. Kinachofika mitoni kutoka huko ni kidogo sana. Waliofanya kazi ya kupima wamekuta kwamba maji yatokayo mlimani karibu yote asili yake ni ule ukanda wa msitu tuliopita tukiwa tumeloa. Msitu hupokea mvua kubwa, huukamua ukungu, huyanywesha maji ardhini polepole, na ardhi huyatoa chini kwa chemchemi miezi yote. Theluji yasifiwa kwa kuwa yaonekana kutoka mbali. Msitu wafanya kazi ndani ya wingu, hauonekani.

Na huo msitu ndio tunaoudhuru kwa mikono yetu. Mwaka 2001 ulipotazamwa kutoka ndani ya ndege, yalionekana mashina ya miti iliyokatwa kwa maelfu, mikulo ikiwa mingi katika hiyo, pamoja na matanuri ya makaa ndani ya msitu wenye amri ya kuhifadhiwa. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 1973 ilikuwa ikilinda sehemu za juu tu, na ulinzi ukazidi. Moto, hata hivyo, hausomi amri. Mrina asali huacha kienge chake kikiwaka, mpishi wa safari huacha majivu yenye makaa, mkulima huchoma shamba upepo ukageuka. Erika huwaka upesi kwa kuwa ina mafuta, na penye moto wa mara kwa mara mti haurudi, hubaki vichaka vifupi visivyoweza kulikamua wingu. Sehemu kubwa ya msitu wa erika imekwisha teketea hivyo tangu miaka ya 1970. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 moto uliunguza kiasi cha kilomita za mraba 95, na mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi, walipanda na mapanga na matawi kuupigana. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 moto mwingine ukazuka. Barafu iliyopotea kwa karne nzima haifiki kilomita za mraba 11. Msomaji na alinganishe mwenyewe, kisha aulize ni msiba upi uliopata nafasi kubwa zaidi katika magazeti.

Tusidhani kuwa hasara hii ni ya Wachaga peke yao. Maji ya mlima hushuka chini ya ardhi upande wa kaskazini, yakatokea katika mabwawa ya Amboseli nchini Kenya, ambako ndovu na ng'ombe wa Wamasai hunywa wakati nyika yote imekauka. Mto Lumi huyapeleka ziwa Jipe, mpakani. Mito ya kusini hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani hushuka nyikani, ukapita Korogwe, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, na ile ya maporomoko ya Pangani iliyo chini yake. Mama awashaye taa mjini Tanga, na mzee ajazaye birika ya kutawadhia huko Korogwe, wote wawili wana hisa katika lile wingu lililonaswa na erika.

Mwisho wa mto ni mji wa Pangani, mji wa kale wa Waswahili, wenye minazi kandokando ya maji. Zamani maji matamu yalikuwa yakishuka kwa nguvu, yakaisukuma bahari nyuma. Siku hizi, kwa sababu huko juu yanatumiwa na wengi na mto umepungua, wakati wa kiangazi bahari ikijaa maji ya chumvi hupanda mtoni mbali zaidi kuliko walivyozoea wazee, na wenye mashamba kando ya mto huonja kwanza kabla ya kumwagilia.